Kipaza na Kabati la Simu

Wazazi wake walimpa jina zuri, lakini halikutoka nje ya mlango wa nyumba yao. Mtaa mzima ulimwita Kipaza, kifupi cha kipaza sauti, kwa sababu tangu akiwa mdogo hakujua kusema polepole. Baba yake, fundi viatu, alikuwa akitania kwamba binti yake akinong'ona chumbani, jirani huitika barabarani. Shuleni mwalimu alimhamishia dawati la nyuma kabisa, na bado darasa la upande wa pili wa ukuta lilinakili majibu yake.

"Mwanangu, punguza sauti," mama yake alikuwa akimsihi.

"Nimeshapunguza, mama!" alijibu, na kuku wakatawanyika uani.

Sauti hiyohiyo ndiyo iliyokuja kumlisha. Alipokua alipata kazi ya kutangaza safari kwenye kituo kikuu cha mabasi. Walimweka ndani ya kibanda cha vioo, wakampa kiti kinachozunguka na kipaza sauti ambacho, kusema kweli, hakukihitaji. Kipaza hakuwa mtu wa kusoma ratiba tu. "Abiria wa basi la kaskazini," alitangaza, "kama umevua kiatu kimoja, kivae, tunaondoka. Na wewe uliyebeba godoro, tunakuona, usijifanye ni mkoba." Watu walicheka, hata aliyeachwa na basi.

Hapo kituoni ndipo alipomwona mume wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa fundi wa vyuma, mtu wa maneno machache, aliyeletwa kuchomelea mabenchi yaliyovunjika. Mabenchi yote aliyamaliza upesi isipokuwa moja, lile lililotazamana na kibanda cha vioo. Hilo lilimshinda kwa muda mrefu ajabu. Siku alipolimaliza alikwenda dirishani akasema, "Dada, benchi lako limepona, lakini fundi ndiye anayeumwa." Kipaza alisahau kuzima kipaza sauti. Kituo kizima kilisikia posa ile, na kituo kizima kikamwitikia fundi kwa niaba yake.

Miaka ilipita, watoto wakaja. Kisha kituo kikanunua mashine ya kutangaza. Ilikuwa na sauti nyororo isiyochoka wala kutania, na Kipaza akaambiwa asante, kazi imekwisha.

Alizunguka mjini kutafuta kazi nyingine. Siku moja mvua ilimkuta barabara ya juu, karibu na lile dishi kubwa la setelaiti ambalo watu waliliita Bakuli, maana wengi waliamini lilijengwa ili kukinga mvua. Chini ya Bakuli kulikuwa na jengo refu jeupe, na mlangoni kibao: KARIBU UJIONEE ANGA. KUINGIA NI BURE. Kipaza alisoma neno la mwisho, akavua viatu vilivyolowa, akaingia.

Ndani kulikuwa na ukumbi wenye dari ndefu. Sayari zilining'inia kwa waya. Mshtarii ilikuwa mpira mkubwa uliopakwa rangi kwa mistari, na pete ya Zohali ilikuwa ringi ya baiskeli. Juu ya meza kulikuwa na kimondo, jiwe jeusi lililoanguka kutoka angani, ambalo kila mgeni aliruhusiwa kulishika hata likawa linang'aa kwa mikono ya watu. Katikati ya ukumbi alisimama kijana mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso. Alikuwa mhandisi wa mitambo ya dishi, na siku hiyo zamu ya kupokea wageni ilikuwa yake. Wageni walikuwa wawili, mmoja amesinzia. Mhandisi alisema maneno marefu kama vile analipwa kwa silabi.

Kipaza alisikiliza, akashindwa kujizuia. "Kaka, samahani. Hiyo setelaiti, mbona haianguki?"

Aliyesinzia akazinduka.

"Inaanguka," mhandisi alisema. "Inaanguka kila wakati. Ila inakwenda mbele kwa kasi kubwa, na dunia ni mviringo, kwa hiyo..."

"Ngoja. Yaani inaanguka, lakini kila ikitaka kufika chini, dunia nayo imeshajikunja?"

Mhandisi alishusha miwani yake machoni ili amwone vizuri. "Ndivyo hasa. Kwa nini mimi sikulisema hivyo?"

"Wewe umelisema, kaka. Mimi nimelikunja tu."

Mvua ilikatika na Kipaza hakutoka. Aliuliza kwa nini Mirihi ni nyekundu na kama mwezini kuna mwangwi. Yeye na mhandisi walifundishana hadi ukumbi ukafungwa. Mlangoni mhandisi alimuuliza, "Kesho utakuja tena?"

"Kama ni bure, nakuja na kesho kutwa."

Akaja, na akaja tena, akisaidia kuwaongoza wageni bila kuombwa, mpaka wakubwa wakaona aibu wakampa sare na kazi ya kupokea wageni. Tangu hapo ukumbi ukabadilika. Ziara ikawa safari ya basi. "Abiria wa Zohali, panda! Anayetaka msalani aende sasa hivi, huko mbele kituo kinachofuata ni miaka saba!" Mhandisi alikaa kiti cha mbele kama dereva, akijibu maswali mazito, na taratibu maneno yake yakafupika. Swali lililoulizwa kuliko yote lilikuwa jinsi wanaanga wanavyojisaidia. Kipaza alilijibu kwa mfano, akitumia bomba la kufyonza vumbi, na simjui mgeni hata mmoja aliyeondoka kabla ya mfano huo.

Habari zikaenea. Wauguzi wakaja wakitoka zamu, wazee wakaja kupunga hewa wakaondoka wakibishana kuhusu jua, wauzaji wa sokoni wakaja na vikapu vyao, na shule zikaja na mistari mirefu ya watoto.

Furaha hiyo ndiyo iliyozaa balaa. Kila mgeni alikuja na simu.

Mkurugenzi wa dishi alikuwa mama mmoja mwenye mvi na mwendo wa haraka, mtu wa haki asiyependa kuzungusha maneno. Alimwita Kipaza na mhandisi kwenye chumba cha mitambo akawaonyesha skrini. Upande wa chini wa skrini kulikuwa na mstari wa kijani unaotikisika. Mafundi waliuita majani. Setelaiti inapopita juu, katikati ya majani hujitokeza kilima kidogo. Hicho ndicho kinachogeuzwa kuwa picha za mawingu. Siku hiyo kilima hakikuonekana. Palikuwa na miiba mirefu imesimama kila mahali.

"Kila mwiba ni simu ya mgeni wako," mkurugenzi alisema. "Setelaiti inanong'ona kutoka mbali, na simu inapiga kelele sikioni. Marubani wanasubiri picha hizi. Wakulima wanazisubiri. Nimevumilia, lakini jana picha nzima iliharibika. Mwisho wa mwezi naufunga ukumbi."

"Bosi, wanaambiwa wazime."

"Wanazima?"

Kipaza hakuweza kudanganya. "Wanasema wamezima."

"Basi. Watu wataangalia sayari kwenye mtandao. Si lazima waje hapa."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Kipaza alizungumza kwa sauti ya chini, na kwa sababu hiyo mkurugenzi alimtazama. "Bosi, mimi niliingia hapa nimelowa, sina kazi, sina hata nauli. Mlango mwingine wowote mjini wangeniuliza nataka nini. Huu haukuniuliza. Kwenye mtandao mtu hutafuta anachokijua. Mimi sikujua kwamba nilitaka kujua."

Mkurugenzi aliitazama tena miiba kwenye skrini. "Sifungi kwa kupenda," alisema hatimaye. "Nionyesheni njia ya kupata picha safi wageni wakiwa ndani, nami siufungi. Lakini njia, si hotuba."

Jioni hiyo, mezani, Kipaza alisimulia yote. Mume wake alitafuna mkate akiwaza. Mama mkwe, aliyeishi nao na ambaye hakupitwa na neno, alisema ulimwengu umekwisha ikiwa simu zinagombana na mawingu.

"Wimbi la simu linapita kwenye chuma?" fundi aliuliza.

"Mhandisi anasema halipiti, kama chuma kimefunga pande zote."

"Basi shida iko wapi? Mimi ni nani?"

"Wewe ni mume wangu."

"Kabla ya hapo."

"Fundi wa vyuma!" Kipaza alipiga kelele, na kijiko kikaanguka.

Karakana ya fundi ilikuwa nyuma ya nyumba. Alikata mabati mazito, akayachomelea yakawa kabati, akaweka bawaba, akaweka rafu zenye vijumba vidogo vya kila simu na namba zake. Mhandisi alikuja kulijaribu. Walihitaji simu yenye mlio mkubwa, na hapo hapakuwa na ubishi: mlio wa simu ya mama mkwe ulikuwa jogoo anayewika, na mtaa wote uliujua.

"Mama, tunaomba simu yako kidogo," Kipaza alisema kwa heshima.

"Itakufa humo?"

"Haifi, mama. Italala tu."

Wakaiweka ndani, fundi akabana komeo, mhandisi akapiga. Walisubiri. Kutoka ndani ya chuma jogoo akawika kwa nguvu zake zote.

Mama mkwe alicheka hadi akashika ukuta. "Mwanangu umetengeneza banda la kuku!"

Fundi aliona haya. Lakini mhandisi alipiga magoti, akapitisha karatasi pembeni mwa mlango, nayo ikapenya. "Hapa," alisema. "Ufa. Wimbi ni kama maji, likipata ufa limepata barabara. Na simu ikifungiwa ndivyo inavyozidi kupaza sauti kuutafuta mtandao. Mlango mbovu ni hatari kuliko kukosa mlango."

Fundi alichukua tupa akasawazisha kingo, akajaribu, akasawazisha tena. Mhandisi alileta wavu laini wa shaba, mwembamba kama kitambaa, wakaukunja na kuubandika kuzunguka fremu yote ili mlango ukibanwa uubonye bila kuacha nafasi. Kipaza alishika taa na kutoa maoni ambayo hakuna aliyeyaomba. Walipofunga na kupiga, hakuna kilichosikika. Wakapiga tena. Kimya.

"Amekufa!" mama mkwe alilia, akafungua komeo mwenyewe. Simu ilikuwa salama, ila haikujua kama kuna mtu aliyeitafuta.

Siku ya majaribio ikapangwa adhuhuri, wakati setelaiti ingepita juu ya mji. Kipaza hakutaka kujaribu na watu wachache. Alialika shule mbili, wauzaji wa sokoni, wauguzi, wenzake wa zamani wa kituo cha mabasi, na nyumbani kwake hakubaki mtu. Fundi alivaa shati lililopigwa pasi. Mama mkwe alijifunga kitambaa chake kipya kiunoni na kukaa mstari wa mbele.

Mlangoni, kabati lilisimama limepakwa rangi ya buluu. Kila mtu aliweka simu yake na kupewa kibati chenye namba. Wengine walitoa kwa shingo upande. Mwuza vitunguu mmoja aliibusu yake kwanza. Mama mkwe alitoa ile ya jogoo bila neno, tena akitabasamu, na Kipaza alishangaa kidogo, lakini mstari ulikuwa mrefu.

Mhandisi alikuwa ameleta skrini kubwa ukumbini ili wote waone. Majani ya kijani yalitikisika, mafupi, mazuri. Mkurugenzi alisimama pembeni amekunja mikono.

"Setelaiti inachomoza," mhandisi alitangaza.

Wakati huohuo, katikati ya majani, mwiba mmoja ukasimama. Mrefu. Ukaanguka, ukasimama tena.

Mhandisi alitazama kabati, limefungwa barabara. Alimtazama fundi, na fundi akatazama viatu vyake. Mkurugenzi aliguna.

Kipaza akakumbuka tabasamu la mlangoni. Akamtazama mama mkwe, akaona mkono wake umebana fundo la kitambaa kiunoni, kama mtu aliyeficha kifaranga. Hapo akaelewa. Wifi yake, aliyefanya kazi mbali, alikuwa amemtumia mama yake simu ndogo ya pili, na adhuhuri ndiyo saa yao ya kuongea.

Angefanyaje? Kumwumbua mama mkwe mbele ya ukumbi mzima? Hilo lisingewezekana. Kunyamaza? Mlango ungefungwa. Kipaza alivuta pumzi, akasimama juu ya kiti, na sauti ya kituo cha mabasi ikarudi.

"Tangazo! Tangazo! Abiria wote wa anga, sikilizeni! Kuna mzigo mdogo umesahaulika mwilini mwa mmoja wetu. Si kosa, kila msafiri husahau. Naomba sote tufumbe macho. Bosi, na wewe pia, tafadhali. Mwenye mzigo ataupeleka kabatini kwa nafasi yake, na hakuna atakayemwona!"

Watu wakafumba macho, watoto wakayaziba kwa viganja. Pakawa kimya. Kisha zikasikika ndala, taratibu, shwata, shwata, shwata, kutoka mstari wa mbele hadi mlangoni. Komeo likalia. Ndala zikarudi, shwata, shwata. Kiti kikalia kwa uzito wa mtu anayejikalisha kwa hadhi.

"Fumbueni!"

Mwiba haukuwepo. Majani yalikuwa yametulia, na katikati yake, polepole, kilima kikaanza kuinuka, laini, cha duara.

"Ndiyo ile!" mhandisi alipaza sauti, na siku hiyo sauti yake ilimshinda hata Kipaza. "Ndiyo setelaiti!"

Mama mkwe aligeuka nyuma akawatazama watu wote kwa ukali. "Nani alikuwa na simu, jamani? Watu wengine hawana adabu kabisa!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Wauguzi waliegemeana, mwuza vitunguu akafuta machozi, na mkurugenzi, aliyekuwa bado amefunika jicho moja, alicheka hadi mvi zikamwangukia usoni. Mama mkwe naye, alipoona hakuna aliyekasirika, akaanza kucheka, na ndiye aliyemaliza wa mwisho.

Kisha picha ikaanza kuja, mstari baada ya mstari, kutoka juu kwenda chini, bila doa. Kwanza bahari nyeusi, halafu ukingo wa nchi kavu, halafu mawingu meupe kama pamba iliyochambuliwa. Mhandisi aliweka kidole mahali. "Hapa ni mji wetu. Na hili wingu dogo, lenye umbo la kwato, liko juu yetu sasa hivi."

"Sasa hivi?" Kipaza aliuliza.

"Sasa hivi."

Hakuhitaji kurudia. Watoto walikwisha kukimbilia mlangoni, na wakubwa nyuma yao. Walisimama uwanjani chini ya Bakuli, mamia ya vichwa vimeinuliwa, mikono imekinga jua. Na kweli, juu ya mji, katika anga safi, wingu moja jeupe lilikuwa limekaa, limejikunja kama kwato, likisogea taratibu bila kujua kwamba limepigwa picha. Watu wakalipungia. Mama mkwe akalipungia kwa mikono miwili. Fundi alimshika mke wake bega, akasema kwa sauti yake ndogo, "Nimekuona." Sijui kama alimwambia yeye au wingu.

Mkurugenzi alikuwa nyuma yao, naye amekinga macho. Alipomaliza kutazama alimwendea fundi. "Kabati hili ni dogo," alisema. "Kwa watu wote hawa yatahitajika mengine. Utatutengenezea?"

Kipaza alimshika mkono. "Bosi, una maana hatufungi?"

"Una maswali mepesi leo," mkurugenzi alijibu. "Mimi nataka kujua ule mwiba ulikuwa wa aina gani ya simu. Setelaiti ikishapita, mwenye mzigo auchukue tena, watoto waone unavyosimama na kuanguka. Nimefanya kazi hapa maisha yangu yote na sijawahi kuona mtu akishangilia majani."

Hivyo ndivyo mama mkwe alivyopata cheo. Kila setelaiti ikishapita, yeye ndiye hutoka mbele ya wageni na simu yake ndogo, mwiba unasimama, watu wanapiga kelele, anaifungia kabatini, mwiba unaanguka. Amekuwa pia mlinzi wa kabati, na hakuna mlinzi mkali kama yeye. Huwauliza watu wazima, "Na ya pili?" huku amenyoosha kiganja, na mara nyingi ipo. Siku ya kwanza wifi alipompata baada ya kupiga na kupiga, alimuuliza mama alikuwa wapi. Akajibiwa kwa maringo, "Kazini, mwanangu. Nasaidia marubani."

Wageni nao, kwa kukosa cha kutazama mikononi, walianza kutazamana na kuulizana. Watu ambao wamepanda ngazi za jengo moja kwa miaka bila salamu hukutana kwenye foleni ya kimondo na kutoka wakiwa marafiki. Mhandisi anasema hilo halikuwa kwenye mpango wowote.

Kipaza mwenyewe sasa ndiye mkuu wa ukumbi, na sare yake ina mfuko wa ziada wa peremende za watoto wanaoogopa giza la chumba cha nyota. Juzi walikuja wanafunzi wa shule ya viziwi na mwalimu wao. Kipaza alisimama mbele yao akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akaomba mwalimu amfundishe ishara ya mwezi, na ya jua, na ya kuanguka bila kufika chini. Alizikosea zote. Watoto walicheka kwa mabega na kwa macho, wakamshika vidole, wakavinyoosha kimoja kimoja mpaka akapatia.